Kupoza Chumba Chini ya Paa la Mabati: Somo Kutoka Keroka

Watu wengi wasiopata kufika Keroka hudhani kwamba somo la kupoza chumba halina kazi huko. Mji huo umekaa mpakani mwa Kaunti za Kisii na Nyamira, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Sotik, tena umeinuka kuliko mji wa Kisii wenyewe, ambao uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Asubuhi wachuuzi wa sokoni huvaa makoti na kofia za sufi, na usiku hakuna alalaye bila blanketi. Joto la kivulini mara chache hufika digrii 30. Basi mgeni huuliza, ni joto gani hilo la kufundishiwa watu?

Jibu la swali hilo halipo kivulini, limo nyumbani. Mtu na aingie saa saba ya mchana, katika mwezi wa Januari au Februari mvua zinapopungua, ndani ya chumba kidogo kilichoezekwa mabati bila dari. Nje, chini ya mparachichi, watu wanazungumza kwa raha. Ndani, kichwa chamwuma, jasho lamtoka, na hewa imesimama kama maji ya kisimani. Nchi ni ile ile, saa ni ile ile, lakini hapa pana joto na pale hapana. Tofauti hiyo haikuletwa na Keroka. Imeletwa na jinsi nyumba ilivyojengwa, na yaliyoletwa na ujenzi mtu aweza kuyarekebisha.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na ichukuliwe nyumba moja kwa mfano, maana nyumba kama hiyo zimejaa katika vilima vyote vinavyouzunguka mji. Kijana afanyaye kazi dukani amejenga katika shamba la baba yake nyumba ya vyumba viwili. Kuta ni za matofali ya kuchoma, paa ni la mabati, madirisha ni madogo yenye nondo. Mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza katikati ya Januari. Watu wote wamemwonya kwamba mtoto mchanga huuawa na baridi. Kwa hiyo amemvika kofia na soksi, amemfunika mablanketi mawili, na dirisha amelifunga kwa kuogopa upepo.

Kwa saa za usiku onyo hilo ni la kweli kabisa. Lakini sasa ni saa saba ya mchana. Shingo ya mtoto imejaa harara, kinywa chake kimekauka, analia kwa sauti nyembamba na hataki kunyonya.

Babu yake aketi nje akisikia kilio hicho. Hawezi kuingia, kwa kuwa heshima ya Abagusii iitwayo chinsoni haimruhusu baba mkwe kuingia katika nyumba ya mke wa mwanawe. Basi amwita mkewe aliyeko jikoni.

"Mama watoto," asema, "mjukuu wetu analia tangu saa tano. Hebu kamwangalie."

Bibi aingia, na joto lampiga usoni mlangoni.

"Mwanangu," amwambia mke wa mwanawe, "mbona umemfunika mtoto kama kiazi katika jivu la moto?"

"Mama, niliambiwa asipigwe na baridi."

"Baridi ni ya usiku. Sasa hivi hata mimi mzee natoka jasho. Mfunue, umlete kivulini."

Mtoto apelekwa chini ya mti, avuliwa kofia na mablanketi, akaachiwa shuka moja nyepesi. Baada ya muda anyonya, kisha alala. Ugonjwa hakuwa nao. Chumba ndicho kilichokuwa kikimpika.

Hata hivyo mtoto hawezi kukaa chini ya mti kila siku, na mama yake ana haki ya kupumzika kitandani mwake. Jioni baba arudi kutoka kazini, aelezwa habari, akawaza: Je, ni lazima kununua mashine ya kupoza hewa? Mashine ya namna hiyo ilianza kubuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, si kwa ajili ya starehe ya watu, bali kwa sababu karatasi za kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn zilikuwa zikiharibiwa na unyevu. Tangu hapo imesambaa duniani pote. Lakini bei yake ni kubwa, nayo hula umeme mwingi kila saa inapofanya kazi. Kwa nyumba ya Keroka haihitajiki. Hapo hewa ya nje haina ukali, na adui ni jua lipigalo paa.

JOTO HUINGIAJE CHUMBANI

Kabla ya kupigana na adui hapana budi kujua njia aijiayo. Joto huingia chumbani kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupenya katika kitu chenyewe. Mtu akishika ncha moja ya chuma, na ncha ya pili iko motoni, baada ya kitambo kidogo ataiachia. Mabati ni chuma, na unene wake haufiki hata nusu milimita. Yakipigwa na jua upande wa juu, upande wa chini nao hupata moto papo hapo.

Njia ya pili ni kumulika. Mtu akikaa mbele ya moto wa kuni, uso wake hupata joto ingawa hewa iliyo katikati ina baridi. Vivyo hivyo mabati yenye moto humulika joto lake chini, juu ya kitanda, juu ya meza, na juu ya vichwa vya watu. Hii ndiyo sababu mtu aliye chini ya mabati huona kama utosi wake unachomwa, hata dirisha likiwa wazi.

Njia ya tatu ni hewa yenyewe. Hewa ikipata moto huwa nyepesi ikapanda juu. Ikikuta tundu karibu na kilele cha paa, hutoka, na hewa mpya hunyonywa ndani kupitia madirisha ya chini. Isipokuta tundu hukusanyika huko juu, ikazidi kushuka hata kuwafikia wenye nyumba.

Kipimo cha nguvu za jua si kidogo. Saa sita ya mchana, anga likiwa safi, katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua humimina nguvu ya wati 1,000 hivi juu ya kila mita mraba moja. Paa la chumba cha mita 3 kwa mita 4 lina mita mraba 12. Basi paa hilo hupokea nguvu sawa na pasi 12 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa kwa pamoja. Sehemu ya nguvu hiyo hurudishwa angani na sehemu huchukuliwa na upepo, lakini ile isaliayo huingia chumbani.

Tena wako wachangiaji wengine wa ndani. Mtu aliyeketi tu, bila kufanya kazi, hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 50 katika kanisa dogo hutoa wati 5,000 kabla hata jiko halijawashwa. Jiko la mkaa, taa ya mafuta, na sufuria ya maharagwe ichemkayo saa tatu, vyote huongeza joto lao.

HEKIMA YA WAJENZI WA KALE

Abagusii wa zamani hawakuwa na vipimo hivi, lakini walijua kujenga. Nyumba yao, enyomba, ilikuwa ya mviringo, yenye kuta za fito na udongo, na paa nene la nyasi lililoshuka hata kuzifunika kuta kwa kivuli chake. Nyasi zimejaa hewa iliyotulia katikati ya majani yake, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida, kama vile sufi ya kofia. Ukuta wa udongo nao hulipokea joto la mchana polepole, na kabla halijafika upande wa pili jua limekwisha kuchwa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa baridi mchana na vuguvugu usiku.

Walakini haifai kumdharau mtu aliyeacha nyasi akaezeka mabati. Mashamba ya Kisii na Nyamira yamekuwa madogo, na nyasi za kuezekea ni adimu. Paa la nyasi huoza, hukaliwa na wadudu, na cheche moja yatosha kuliteketeza. Mabati hudumu miaka mingi, tena hukusanya maji ya mvua, jambo ambalo ni faida kubwa kwa mwanamke aliyekuwa akipanda kilima na mtungi kutoka chemchemini. Kazi ya somo hili basi ni kuyapa mabati yale mambo mawili ambayo nyasi zilikuwa nayo, yaani unene wa kuzuia joto na kivuli juu ya kuta. Kurudi kwenye nyasi si lazima.

Watu wa pwani walilijua jambo hili pia. Katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba za mawe zina kuta nene sana, vyumba virefu vyembamba vilivyofuata urefu wa boriti, na ua wa ndani ulio wazi juu ili hewa ya moto ipate kutoka. Njia za mji ni nyembamba, nyumba moja ikaipa jirani yake kivuli.

Mfano wa siku hizi ni ule wa Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando katika nchi ya Burkina Faso, ambako joto hupita digrii 40. Alipokuwa mtoto alisoma katika darasa lenye joto kali na giza. Alipokuwa mjenzi aliwajengea wanakijiji wenzake shule ya msingi, iliyokamilika mwaka 2001, wao wenyewe wakishiriki kazi. Kuta zake ni za matofali ya udongo. Juu ya darasa iko dari ya matofali yenye matundu, na juu ya dari hiyo limeinuliwa paa la mabati lisiloigusa. Upepo hupita katikati ya dari na mabati ukalichukua joto. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan ya ujenzi, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Basi mabati hayana lawama. Lawama ni kuyaweka peke yake, bila dari na bila njia ya upepo.

KANUNI YA DIRISHA

Wengi huuliza: Je, mchana madirisha yafungwe au yafunguliwe? Majirani wawili waweza kubishana juu ya jambo hili, na wote wawili wakawa na haki, maana nyumba zao si sawa. Kanuni yenyewe ni fupi: Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga. Ndani kukiwa na joto kuliko nje, fungua.

Mwenye nyumba ya udongo nene, yenye dari au paa la nyasi, hufungua usiku na alfajiri baridi iingie, kisha hufunga saa nne ya asubuhi na kuihifadhi baridi ile kama mtu ahifadhivyo maji mtungini. Lakini mwenye chumba cha mabati matupu hufanya kosa akifunga mchana, kwa kuwa chumba chake kina joto kuliko bustani. Yeye na afungue madirisha na mlango, na kama madirisha yako pande mbili zinazokabiliana, afungue yote mawili ili upepo upite. Dirisha moja tu ni kama chupa yenye kinywa kimoja: hewa haipati pa kutokea.

Ili kuijua nyumba yake ni ya namna gani, mtu na asimame saa saba ya mchana chini ya kivuli cha mti kwa dakika tano, kisha aingie ndani asimame dakika tano. Mwili wake utamwambia.

Usiku wa Keroka ni mali isiyonunuliwa. Wakati watu wa Kisumu na Mombasa hupepewa na feni hata alfajiri, nyanda za juu hupoa mara jua likichwa. Katika mji wa Harare liko jengo kubwa liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996, ambalo mbunifu wake, Mick Pearce, alijifunza kutoka kwa vichuguu vya mchwa. Hewa ya usiku hupitishwa katika zege nzito ya jengo hilo ili iwe baridi mchana. Mtu wa Keroka aweza kufanya hivyo hivyo kwa kuacha tundu la juu wazi usiku. Lakini matundu na madirisha yawe na nondo kwa ajili ya wezi, na wavu wa waya kwa ajili ya mbu, na kila alalaye alale ndani ya chandarua. Malaria hupanda hata kwenye vilima vya Kisii na Nyamira, na imepata kuua watu wengi huko kwa sababu miili yao haikuizoea.

KAZI ZISIZOTAKA FEDHA

Kwanza, moto utoke chumbani. Jiko liwe katika banda lake. Wakati wa joto, maharagwe na mahindi yachemshwe asubuhi mapema au jioni, si saa sita.

Pili, kitanda kisiwe katikati ya chumba chini ya mabati yaliyo wazi, wala kisiegemee ukuta wa magharibi. Keroka iko karibu sana na Ikweta, na kwa hiyo jua huzipiga kwa ukali zaidi kuta za mashariki asubuhi na kuta za magharibi alasiri. Ukuta wa magharibi hupata moto hasa saa tisa na saa kumi, wakati ambapo nyumba nzima imekwisha kuchoka.

Tatu, kivuli kiwekwe nje ya dirisha, si ndani. Pazia la ndani huzuia jua likiwa limekwisha kuingia. Jamvi au mkeka wa mafunjo ulioning'inizwa nje hulizuia mlangoni.

Nne, maji. Kitambaa kilicholowa kikitundikwa penye upepo hupoza hewa ipitayo, kwa maana maji hayawezi kugeuka mvuke bila kuchukua joto. Ndiyo siri ya mtungi wa udongo upozao maji ya kunywa. Njia hii hufaa miezi ya ukavu. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, haifai sana. Tena maji ya Keroka hubebwa kichwani, basi yasipotezwe: yale aliyoogeshewa mtoto yatosha kunyunyizwa katika ua mbele ya mlango. Wala yasiachwe kusimama yakawa kitanda cha mbu.

KAZI ZITAKAZO FEDHA KIDOGO

Kazi iliyo bora kuliko zote ni dari. Mwenye uwezo hununua mbao au mabamba ya dari. Asiye na uwezo hushona magunia safi, akayavuta sawasawa chini ya makombamoyo na kuyapaka chokaa, au hutumia mikeka ya mafunjo. Dari ya namna hii huzuia mmuliko wa mabati usiwafikie watu, na hewa iliyo juu yake huwa kama blanketi. Lakini mambo matatu yaangaliwe. Dari isikae karibu na taa wala jiko, maana magunia na mafunjo hushika moto upesi. Iachwe nafasi ya kuchungulia panya. Na hewa ya juu ya dari ipewe njia.

Njia hiyo ndiyo kazi ya pili. Fundi na atoboe matundu katika kuta mbili za pembeni, juu kabisa, chini ya kilele cha paa, tundu moja upande huu na jingine upande wa pili, kisha ayafunge kwa wavu wa waya. Hewa ya moto itatoka yenyewe, mchana kutwa, bila umeme na bila malipo.

Kazi ya tatu ni rangi nyeupe. Kitu cheusi hunywa jua, na kitu cheupe hulirudisha. Mabati yaliyoshika kutu hupata moto mno. Yakisuguliwa na kupakwa rangi nyeupe ya mabati, joto lake hupungua. Anayekunywa maji ya mvua yatokayo paani na amwulize muuzaji rangi isiyodhuru maji. Kuta za nje zaweza kupakwa chokaa.

Kazi ya nne ni mimea. Upande wa magharibi, hatua chache kutoka ukutani, ipandwe migomba. Hukua upesi, hutia kivuli, na huzaa chakula. Parachichi nalo hukubali sana katika nchi hiyo, ila lisikae karibu hata matawi yake yaanguke juu ya paa wakati wa dhoruba. Mwenye haraka na asimamishe kichanja mbele ya ukuta, apandishe maboga au karakara. Mkaratusi haufai karibu na nyumba wala chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

KWA AJENGAYE NYUMBA MPYA

Ajengaye leo na azielekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, ili zile za mashariki na magharibi ziwe fupi. Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, yakikabiliana. Upenu utokeze vya kutosha kuzifunika kuta kwa kivuli, tena utazikinga na mvua, ambayo kwa mwaka hupita milimita 1,500 katika nchi ya Kisii. Paa liinuliwe juu kuliko desturi ya siku hizi, na matundu ya kilele yasisahauliwe. Kubana paa ili kuokoa mbao chache ni kununua joto la miaka thelathini.

MAONYO

Somo la kupoza chumba lisimfanye mtu asahau usiku. Saa za baridi wako watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na nyumba nzima huweza kufa usingizini. Jiko lisilale ndani kamwe. Baridi huzuiwa kwa blanketi.

Mtoto mchanga avikwe kwa kadiri ya saa: mablanketi usiku, shuka nyepesi mchana wa joto. Aguswe kifuani au mgongoni, si mikononi, maana mikono ya mtoto yaweza kuwa baridi hali mwili una moto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mtoto asiyetimiza miezi sita hahitaji kupewa maji, hata wakati wa joto, kwa kuwa maziwa ya mama yamtosha. Mama ndiye anywe maji kwa wingi.

Tena isidhaniwe kwamba kila mwili wenye moto umepata moto wa chumba. Mtoto aliyepelekwa kivulini, akafunuliwa, na bado mwili wake ni moto, au hanyonyi, au amelegea, au utosi wake umebonyea, apelekwe hospitali saa ile ile. Huenda ni malaria au ugonjwa mwingine, na kungoja hadi kesho ni hatari.

MWISHO

Na turudi katika nyumba ya mfano. Baba yule hakununua mashine. Siku ya kwanza alihamisha kitanda na kufungua madirisha yote mawili. Jumamosi yake alileta magunia, bibi na mke wakayashona, naye akayavuta chini ya makombamoyo. Mwisho wa mwezi alimwita fundi kutoboa matundu mawili, na mvua za Machi zilipoanza akapanda migomba mitano upande wa magharibi. Babu, ambaye hawezi kuingia ndani, alijua kazi imefaulu kwa ishara moja: saa saba ya mchana alisikiliza, na nyumba ilikuwa kimya. Mtoto alikuwa amelala.

MASWALI KWA WASOMAJI NA MADARASA YA WATU WAZIMA

1. Joto huingia chumbani kwa njia tatu. Zitaje, na kwa kila njia toa mfano kutoka jikoni.

2. Paa la darasa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Saa sita ya mchana hupokea wati ngapi za jua?

3. Kwa nini jirani mwenye nyumba ya udongo hufunga madirisha mchana, na mwenye mabati matupu huyafungua?

4. Dari ya magunia ina hatari gani, nazo huzuiwaje?

5. Tazama nyumba yako mwenyewe. Ni kazi ipi kati ya zile zisizotaka fedha utakayoifanya kabla jua la kesho halijapanda?